Frateri, na Siku Wakijua?

Na Frateri, Mwaka wa Tatu wa Falsafa



Likizo iliyopita nilitumwa kusaidia uchungaji katika parokia moja ya mjini. Siku ya mafungo ya vijana, Paroko aliniomba nitoe mada ya nusu saa juu ya imani na sayansi. Nilifurahi, maana nilikuwa nimetoka kusoma habari za Jua na nilitaka kuwashangaza vijana.

Nikawaambia hivi: uso wa Jua una joto la nyuzi kama 5,500 za Selsiasi. Juu ya uso huo kuna gesi nyembamba iliyolizunguka Jua kama taji. Mtu akisogea mbali na jiko la mkaa, joto hupungua. Kwenye Jua ni kinyume: ukitoka usoni ukapanda kwenye lile taji, joto linafika nyuzi milioni moja na zaidi. Hapo nikainua sauti: "Wanasayansi wamehangaika miaka mingi, hawajui ni nani anayepasha moto kule juu. Sisi tunamjua!" Vijana wakapiga makofi.

Binti mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono. "Samahani Frateri, na siku wakijua, itakuwaje?"

Nikajibu kwa mzaha: "Mdogo wangu, hawatajua." Ukumbi mzima ukacheka. Yule binti akaketi, na sikumsikia tena hadi mafungo yakaisha. Jioni, tukiwa mezani, Paroko aliniambia kwa upole: "Frateri, yule binti hukumjibu. Umemfanya achekwe tu."

Nilirudi seminarini na swali lile moyoni. Naandika makala hii kwa sababu yake, na msimamo wangu ni huu: tuache kumtafutia Mungu nafasi katika mambo ambayo sayansi haijamaliza kuyaeleza. Mfano wa taji la Jua, ambao niliutumia vibaya, ndio huohuo unaoonyesha kwa nini.

Elementi ambayo haikuwepo

Taji la Jua huonekana kwa macho pale tu Jua linapopatwa kabisa. Mwezi unapoufunika uso unaong'aa, mwanga mweupe uliofifia hujitokeza pande zote. Kwa Kilatini taji ni korona. Hata kile kirusi kilichotufungia makanisa katika nchi nyingi mwaka 2020 kilipewa jina hilo kwa kuwa umbo lake lilifanana na taji hili.

Katikati ya karne ya 19 wataalamu walianza kuusoma mwanga. Ukiupitisha katika kioo cha pembe tatu, mwanga hutawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Na kila elementi ikipashwa moto hutoa rangi zake maalumu, zinazoonekana kama mistari myembamba, nazo hazifanani na za elementi nyingine. Tupa chumvi kidogo motoni uone mwali unavyogeuka njano: hiyo ni sodiamu inayojitaja jina. Mpangilio huo wa rangi na mistari huitwa spektra, na elimu ya kuusoma huitwa spektroskopia.

Mwaka 1868 mstari wa njano usiojulikana ulionekana katika mwanga wa Jua. Mwingereza Norman Lockyer akasema ni elementi mpya, ikaitwa heliamu, yaani ya Jua. Mwaka 1895 William Ramsay aliipata hapa duniani. Lockyer alikuwa sahihi.

Mwaka 1869, wakati wa kupatwa kwa Jua kulikoonekana Marekani, Charles Young na William Harkness waliona mstari wa kijani katika taji, nao pia haukufanana na wa elementi yoyote iliyojulikana. Kwa hoja ileile, wengi wakasema hii nayo ni elementi mpya, wakaiita koroniamu. Hata Mendeleev, aliyepanga jedwali la elementi, alijaribu kuitafutia nafasi. Lakini jedwali lilipozidi kujaa, nafasi ya koroniamu haikupatikana.

Ilichukua miaka sabini hivi. Kati ya 1939 na 1943, Walter Grotrian wa Ujerumani na Bengt Edlén wa Uswidi walionyesha kwamba ule mstari wa kijani ni wa chuma. Chuma hikihiki cha jembe na sufuria. Atomu ya chuma ina elektroni 26. Kule juu imenyang'anywa 13. Kuinyang'anya chuma elektroni nyingi kiasi hicho kunahitaji joto kali mno, na hivyo ndivyo watu walivyotambua kwamba taji lina nyuzi milioni moja na zaidi. Koroniamu haikuwahi kuwepo.

Ndugu msomaji, naomba tutulie hapa kidogo. Watu hawa walikutana na jambo wasilolijua, wakalipa jina, na jina likakaa mahali pa jibu kwa miaka mingi. Jibu la kweli lilikuwa kitu walichokifahamu tangu utotoni, kikiwa katika hali ambayo hakuna aliyeifikiria. Niliposoma habari hii nilijiona mimi mwenyewe mbele ya wale vijana. Nami nilikuwa nimechukua Jina takatifu kuliko yote nikalifanya koroniamu.

Kusoma nyota kwa eksirei

Jambo la pili nililogundua ni kwamba niliwadanganya vijana, ingawa si kwa kukusudia. Nilisema "hawajui", kana kwamba wanasayansi wamekaa gizani. Wanajua mengi, na namna walivyoyajua inatufaa sisi wanafunzi wa falsafa.

Mhunzi anajua kwamba chuma kikipata moto huwa chekundu, kisha cha njano, kisha cheupe. Joto likizidi, mwanga hubadilika. Gesi ya nyuzi milioni kadhaa hutoa zaidi eksirei, mionzi ya aina ileile inayotumika hospitalini kupiga picha za mifupa. Ukilitazama Jua kwa eksirei, mambo yanapinduka: uso unaotuumiza macho unakuwa mweusi, na taji lililokuwa limefichika ndilo linalong'aa. Kwa nyota nyingine faida ni kubwa zaidi, kwa sababu taji zao hatuwezi kuziona kwa kusubiri mwezi uzifunike.

Shida ni kwamba hewa ya dunia huzuia eksirei za angani, na ni heri, maana zingetudhuru. Kwa hiyo lazima chombo kitoke nje ya hewa. Eksirei za Jua zilipimwa mwaka 1949 kwa roketi za V-2, silaha za vita zilizogeuzwa kuwa vyombo vya elimu. Na hapa Afrika Mashariki tumo katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza anga kwa eksirei, nayo ikaitwa Uhuru. Neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, na wengi wetu hatujui.

Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Mwaka 1978 ikafuata setilaiti iliyoitwa Einstein, ikaonyesha kwamba nyota za karibu kila aina hutoa eksirei. Mwaka 1999 zikarushwa mbili zenye uwezo mkubwa zaidi, Chandra ya Marekani na XMM-Newton ya Ulaya. Hizi zina vichujio vyenye mistari myembamba sana inayozitawanya eksirei, kama kioo kinavyoutawanya mwanga, na hapo spektra ya taji la nyota husomwa mstari kwa mstari.

Nyota iliyosomwa sana kwa njia hii ni Capella, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia Ayuki. Mwezi Januari na Februari, baada ya Sala ya Usiku, ukitazama kaskazini utaiona: nyota angavu yenye rangi ya njano kidogo. Iko umbali wa miaka ya nuru kama 43, na kwa kweli ni nyota mbili kubwa zinazozungukana. Spektra yake ya eksirei imejaa mistari ya chuma, kati yake ile mikali ya chuma kilichopoteza elektroni 16 na kubaki na 10. Mistari hiyo inatuambia kwamba taji lake lina joto la nyuzi kama milioni 6, mara kadhaa kuliko la Jua letu.

Wanapima pia msongamano wa gesi. Oksijeni iliyopoteza elektroni 6 hutoa mistari mitatu iliyokaribiana. Gesi ikiwa nyembamba sana, mmojawapo hung'aa vizuri. Gesi ikisongamana, atomu hugongwa kabla hazijapata muda wa kutoa mwanga ule, basi mstari huo hufifia na wa jirani yake huongezeka nguvu. Alan Gabriel na Carole Jordan walieleza kanuni hiyo mwaka 1969. Kwa kulinganisha mistari miwili tu, mtu aliyeketi dunianini anajua gesi ya nyota iliyo mbali kiasi kile imesongamana kiasi gani.

Na lile joto, latoka wapi? Wataalamu wanakubaliana kwamba nguvu hiyo inatokana na sumaku ya nyota, inayosokotwa na gesi inayochemka chini ya uso. Wanachojadiliana ni namna inavyogeuka kuwa joto. Wapo wanaofuata mawimbi aliyoyaeleza Hannes Alfvén mwaka 1942. Wapo wanaofuata hoja ya Eugene Parker ya mwaka 1988, kwamba ni milipuko midogo midogo isiyohesabika. Na wapo wanaoona kwamba vyote viwili vinahusika. Chombo kilichopewa jina la Parker kilirushwa mwaka 2018, na mwaka 2021 kikapita ndani ya taji la Jua lenyewe. Kazi inaendelea. Huo si ujinga niliowatangazia vijana. Ni nyumba iliyokwisha kupauliwa, mafundi wanabishana juu ya milango.

Kosa la Comte na kosa langu

Katika somo la historia ya falsafa tunamsoma Auguste Comte, baba wa upositivisti. Mwaka 1835 aliandika kwamba tutaweza kujua umbo la nyota, umbali wake na mwendo wake, lakini kamwe hatutajua zimeumbwa kwa vitu gani. Alifariki mwaka 1857. Miaka miwili baadaye, Kirchhoff na Bunsen wa Heidelberg walikuwa wakitambua elementi za Jua kwa kusoma mwanga wake.

Darasani tulimcheka Comte. Lakini nilipowaambia vijana "hawatajua", nilisema nini tofauti na yeye? Yeye aliufungia akili mlango kwa jina la sayansi, mimi niliufunga kwa jina la imani. Tena kosa langu ni kubwa zaidi. Comte aliposhindwa, kilichoanguka ni utabiri wake. Mimi nikishindwa, yule binti anaweza kudhani kilichoanguka ni Mungu.

Kanisa linalijua jambo hili tangu zamani. Mtakatifu Agustino, alipokuwa akifafanua kitabu cha Mwanzo, alionya juu ya Mkristo anayesema ovyo habari za mbingu na nyota mbele ya watu wanaozifahamu. Hofu yake ilikuwa kwamba watu hao wakimwona anakosea katika mambo wanayoyajua, hawatamwamini katika habari za ufufuko. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akizungumzia mwanzo wa ulimwengu, alionya kwamba tukijaribu kuthibitisha mambo ya imani kwa hoja dhaifu, tunawapa wasioamini sababu ya kutucheka. Na Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeleta wazo kwamba ulimwengu ulianza kama atomu moja, hakupenda nadharia yake itumike kuwa ushahidi wa uumbaji. Papa Pio XII alipoihusisha na uumbaji katika hotuba ya Novemba 1951, Lemaître alipata wasiwasi, na katika hotuba ya Papa kwa wanaanga mwaka uliofuata hoja hiyo haikurudiwa. Padre mwanasayansi aliilinda imani kwa kukataa kuipa mhimili utakaoweza kuoza.

Ndugu yangu mmoja hapa seminarini amenipinga. Anasema: "Wewe unataka kuwapelekea waamini habari za elektroni. Mama wa jumuiya anahitaji imani nyepesi." Nakubali kwamba imani nyepesi ni njema. Lakini nyepesi si sawa na ya uongo. Na yule mama ana mtoto kidato cha nne mwenye simu mkononi. Sisi tukisema lisilo kweli juu ya Jua, mtoto atalijua usiku huohuo kabla hajalala.

Mwingine ameniuliza: je, basi mbingu hazina la kutuambia juu ya Mungu? Na Zaburi ya 19 tuiweke wapi? Jibu langu ni kwamba mbingu zinasema, ila tulikuwa tunasikiliza mahali pasipo penyewe. Nilimtafuta Mungu penye pengo, wakati ajabu yenyewe iko penye kile kilichokwisha eleweka. Kwamba chuma cha Capella kinatii kanuni zilezile za chuma cha jembe langu; kwamba mpangilio huo unafahamika; kwamba mwanadamu, aliye mavumbi, anaweza kuufahamu. Maswali kama kwa nini kuna ulimwengu badala ya kutokuwepo chochote, na kwa nini unaeleweka, hayajibiwi kwa setilaiti, wala hayafutwi nayo.

Ukiuliza sauti ya ngoma inatoka wapi, utajibiwa kwamba ngozi inatetemeka. Ni kweli. Utajibiwa pia kwamba kuna mpigaji. Nayo ni kweli, na la kwanza halilifukuzi la pili. Mfano huu una mipaka, kwa kuwa Mungu si mpigaji aliyesimama kando ya ngoma. Ndiye anayeifanya ngoma, ngozi na mtetemo viwepo. Ndivyo Tomaso anavyotufundisha kutofautisha Sababu ya kwanza na sababu za pili. Sumaku ikipasha moto taji la nyota, inafanya kazi halisi, na Mungu hapungukiwi na chochote.

Tufanye nini

Kwanza, ndugu zangu mafrateri, tunapoandaa mahubiri au mada tujiulize: hoja yangu ingebaki imesimama kama kesho asubuhi wanasayansi wangepata jibu? Kama ingeanguka, tuiache.

Pili, tulichukulie kwa uzito somo la falsafa ya maumbile. Tunalisoma ili tufaulu mtihani, kisha tunalisahau. Tunaye Padre Angelo Secchi, Mjesuiti, aliyekuwa na darubini zake juu ya paa la kanisa la Mtakatifu Ignasi mjini Roma. Mwaka 1860 alikwenda Hispania kupiga picha za kupatwa kwa Jua. Baadaye alichunguza spektra za nyota kama 4,000 na kuzipanga katika makundi, akiwa kati ya watu wa kwanza duniani kufanya hivyo. Wale wanaosoma eksirei za Capella leo wanatembea katika njia aliyoifyeka padre.

Tatu, tujifunze kwao uvumilivu. Kwa zaidi ya miaka thelathini, nguvu za mistari miwili ya chuma kilichopoteza elektroni 16 hazikulingana na mahesabu ya nadharia. Hawakuificha tofauti hiyo. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na kundi la Heidelberg, mji uleule wa Kirchhoff, walipima maabarani wakaona nadharia ndiyo yenye kasoro. Waliendelea kupima kwa umakini zaidi, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba vipimo vyao vipya vinakubaliana na nadharia. Walijisahihisha mbele ya watu wote. Sisi tunaofundisha juu ya kitubio tungepaswa kuwa wepesi zaidi kufanya hivyo.

Kwa hiyo naanza mimi. Nimemwandikia Paroko kumwomba, likizo ijayo, anipe tena dakika kumi mbele ya vijana walewale. Amekubali. Makala hii pia nimemwomba katekista aiweke katika kundi lao la simu.

Mdogo wangu uliyeuliza swali, nisamehe kwa kicheko kile. Jibu nililopaswa kukupa ni hili: siku wakijua, tutafurahi pamoja nao, tutamshukuru Mungu aliyewapa akili ya kujua, na Misa ya Jumapili itakuwa saa ileile. Na kama wewe ndiye utakayekuwa mmoja wao, usome fizikia kwa bidii. Usidhani kwamba kwa kufanya hivyo unaondoka kanisani.